Maniema: Mkono uliovimba, upasuaji wa mbali na sabuni iliyo karibu

KASONGO – Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, ugonjwa wa matende si habari ngeni. Mguu ulionenepa mpaka vidole vinapotea, busha linalomfanya baba wa familia aache kwenda shambani: hayo yana jina, yana programu ya serikali na yana dawa inayogawiwa nyumba kwa nyumba. Mkono unaovimba ni habari nyingine. Mama asiyeweza tena kushika mchi wa kutwangia sombe, au mchimbaji wa dhahabu ambaye mkono wake umekuwa mzito kama gogo, hajui aanzie mlango gani.

Siku hizi jibu moja linapatikana kwenye simu yoyote yenye intaneti: upasuaji. Picha zinaonyesha mkono mnene kabla, na mkono mwembamba baada ya hapo. Upasuaji huo upo kweli, si hadithi. Lakini kwa familia inayofikiria kuuza shamba au mbuzi ili mgonjwa asafiri, swali la kwanza ni jingine: je, upasuaji huo unafanya nini hasa, unamfaa nani, na mgonjwa atahitaji nini akirudi nyumbani?

Jibu linagusa siasa ya afya ya jimbo zima. Hata katika hospitali tajiri za Ulaya na Japani, kisu hakifanyi kazi peke yake. Kinategemea matunzo ya kila siku: ngozi safi, bendeji ya kubana, muuguzi anayemfuatilia mgonjwa. Matunzo hayo yanaweza kuanza katika kituo cha afya cha kijiji. Kwa sasa, mkono uliovimba hauna anayeuhesabu, na ndiyo sababu matunzo hayo hayaufikii.

Maji yasiyopata njia

Mwilini, mbali na damu, kuna maji mengine yanayotembea polepole katika mishipa midogo sana. Yanaitwa limfu. Mishipa hiyo hukusanya maji yaliyobaki katikati ya nyama na ngozi, huyapitisha katika tezi za kwapani, za shingoni na za kinena, kisha huyarudisha kwenye damu. Tezi hizo ni kama vizuizi vya askari barabarani: vijidudu hukamatwa pale.

Njia hiyo ikiziba au kukatwa, maji hubaki mkononi. Mwanzoni uvimbe hupungua usiku mgonjwa akilala, na ukibonyeza ngozi kwa kidole shimo linabaki. Miezi na miaka ikipita, mafuta na nyuzi ngumu hujijenga chini ya ngozi. Hapo kidole hakiachi shimo tena, na mkono hauteremki hata ukiinuliwa usiku kucha. Tofauti hiyo kati ya uvimbe wa maji na uvimbe wa mafuta ndiyo inayoamua upasuaji upi unafaa, au kama upasuaji unafaa kabisa.

Kusini mwa Maniema, njia ya limfu ya mkono inaweza kuharibiwa kwa namna kadhaa. Ya kwanza ni minyoo ya filaria, Wuchereria bancrofti, inayoletwa na mbu. Katika vijiji vya Afrika mbu huyo mara nyingi ni anofelesi, yuleyule anayeleta malaria. Minyoo mikubwa huishi ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka, kama 6 hadi 8, na kuipanua mpaka inashindwa kusukuma maji. Mara nyingi ni mguu au korodani zinazovimba, lakini mkono na titi pia vinaweza kuguswa.

Ya pili ni kansa ya titi. Uvimbe wa kansa unaweza kuziba tezi za kwapani, au daktari anaweza kulazimika kuziondoa tezi hizo ili kuokoa maisha. Mwaka 1921, daktari mpasuaji William Halsted wa Baltimore, Marekani, aliuita uvimbe wa mkono unaofuata upasuaji wa titi «matende ya upasuaji». Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet Oncology ulionyesha kuwa kama mwanamke 1 kati ya 5 waliotibiwa kansa ya titi hupata uvimbe huo. Wale walioondolewa tezi nyingi za kwapani hupatwa zaidi kuliko wale waliotolewa tezi moja au mbili za uchunguzi tu. Mwanamke anayefika hospitali akiwa amechelewa ndiye anayeondolewa tezi nyingi.

Ya tatu ni makovu: jeraha kubwa la kwapani, kuungua kwa moto, au maambukizo yanayorudi mara kwa mara, kifua kikuu cha tezi kikiwemo. Kwa nje mikono hii yote inaweza kufanana. Ndani, matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Nani anahesabu mkono?

Maniema ina zoni za afya 18. Wilaya ya Kasongo ina zoni za Kasongo, Kunda na Samba. Kabambare ina zoni za Kabambare, Lusangi na Saramabila. Katika maeneo haya, wagawaji dawa wa kijiji ni watu wanaojulikana. Wanapita na fimbo ya kupimia urefu, wanatoa vidonge vya Mectizan dhidi ya upofu wa mtoni na, pale penye matende, wanaongeza albendazole.

Kasongo ina nafasi ya pekee katika historia hiyo. Kampuni ya Merck ilianza kutoa Mectizan bure mwaka 1987. Mwaka 2004, Daniel Shungu, Mkongomani aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni hiyo huko Marekani, alianzisha shirika la UFAR kupambana na upofu wa mtoni katika RDC, na Kasongo ndiyo iliyokuwa sehemu ya kwanza ya kazi yake. Kwa upande wa matende, programu ya dunia ilizinduliwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, mwaka 2000, albendazole ikitolewa bure na kampuni ya GSK.

Programu hiyo ina miguu miwili. Wa kwanza ni kugawa dawa kwa watu wote, ili vijinyoo vipungue katika damu na mbu wasiwe na cha kubeba. Wa pili ni kuwatunza wale ambao tayari wameharibika. Tofauti kati ya miguu hiyo miwili haielezwi vya kutosha vijijini. Kidonge huzuia ugonjwa kuenea, lakini hakirudishi mshipa wa limfu uliokwisha kupasuka au kupanuka. Mgonjwa anayemeza dawa kila mwaka na kuona mkono wake haupungui anaweza kuamini kuwa dawa ni ya uongo. Anaacha kumeza, na majirani wanamfuata.

Katika mguu wa pili wa programu, upasuaji una nafasi yake, lakini ni wa busha. Upasuaji wa busha unajulikana, unaweza kufanywa na daktari wa hospitali ya wilaya aliyefundishwa, na mara nyingi mgonjwa anapona. Nchini Tanzania, ambako programu ya matende ilianza kisiwani Mafia mwaka 2000, kambi za kupasua mabusha zimekuwa sehemu ya kazi hiyo katika mikoa ya pwani. Wanaume wengi walirudi kazini na heshima yao ikarudi.

Lakini mafanikio hayo yameacha mchanganyiko wa mawazo: watu husikia kuwa «matende yanapasuliwa» na kufikiri kuwa mkono au mguu nao utapasuliwa vivyo hivyo. Sivyo. Busha ni maji yaliyofungwa katika mfuko mmoja. Daktari huyatoa na kuutengeneza mfuko. Mkono hauna mfuko. Maji yamelowa katika nyama yote, kama sponji. Kwa mikono na miguu, OMS inaweka mbele matunzo ya kila siku na matibabu ya homa za ghafla, si kisu.

Hapo ndipo mkono unapoanguka katikati. Kampeni za matende zinapozungumza na wananchi, huonyesha picha ya mguu na busha kwa sababu ndivyo vilivyo vingi. Huduma za kansa ziko katika miji mikubwa na kazi yao ya kwanza ni uvimbe wenyewe wa kansa, si mkono uliobaki umevimba baada yake. Mama mwenye mkono mnene katika kijiji cha Kabambare si wa programu ya kwanza, wala hajafika kwenye ya pili.

Upasuaji upi?

Madaktari wamejaribu kuupasua mkono uliovimba kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1908, Sampson Handley wa London aliweka nyuzi za hariri chini ya ngozi za wanawake waliovimba mkono baada ya kansa, akitumaini kuwa maji yatafuata nyuzi hizo. Matumaini hayo hayakudumu. Leo kuna njia nne zinazotajwa sana, na kila moja ina mgonjwa wake.

Ya kwanza ni ya zamani zaidi: kukata ngozi na nyama iliyonenepa, kisha kufunika kidonda kwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Hubeba jina la Charles, daktari wa Waingereza aliyefanya kazi India na aliyeandika juu yake mwaka 1912. Inaacha makovu makubwa, vidonda vinaweza kukawia kupona, na mishipa michache ya limfu iliyokuwa imebaki inaweza kuondoka pamoja na nyama. Kwa sababu hiyo, inabakizwa kwa hali mbaya sana.

Ya pili ni kunyonya mafuta kwa mrija mwembamba. Daktari Håkan Brorson wa Malmö, Sweden, aliianza kwa mikono ya wagonjwa wa kansa ya titi mwaka 1987. Inamfaa mtu ambaye mkono wake umekuwa wa mafuta na hauachi shimo ukibonyezwa. Mkono unaweza kurudi kwenye unene wa mkono wa pili. Lakini njia ya maji haijatengenezwa. Kilichoondolewa ni mafuta tu. Kwa hiyo mgonjwa anavaa kivazi cha kubana mkono usiku na mchana, maisha yake yote. Brorson mwenyewe alionyesha kuwa wagonjwa walipovua kivazi hicho, mkono ulianza kuvimba tena.

Ya tatu ni kuunganisha mshipa wa limfu na mshipa mdogo wa damu, ili maji yapate njia ya mkato. Mishipa hiyo ina upana usiofika milimita 1. Daktari Isao Koshima wa Japani ndiye aliyeipeleka mbele kazi hii tangu miaka ya 1990. Inahitaji darubini ya upasuaji, sindano nyembamba kuliko unywele, rangi maalumu na kamera inayoonyesha limfu ikitembea chini ya ngozi. Inafaa zaidi mapema, wakati uvimbe bado ni wa maji. Mgonjwa wa miaka 10 au 15, ambaye mkono umekwisha kuwa mgumu, mara nyingi amechelewa.

Ya nne ni kuhamisha tezi za limfu pamoja na mishipa yake ya damu, kwa mfano kutoka kinena mpaka kwapani. Mwaka 2006, Corinne Becker wa Ufaransa na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 24 waliofuatiliwa zaidi ya miaka 5: mikono 10 ilirudi katika hali ya kawaida, mingine mingi ilipungua. Hayo ni matokeo mazuri. Lakini tezi zinapotolewa kinena, mguu wa upande huo nao unaweza kuvimba. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani na matatizo mawili badala ya moja.

Ukizisoma njia hizo pamoja, jambo moja linajitokeza. Mikono iliyopata faida ni mikono iliyokuwa tayari imetunzwa: ngozi haina vidonda, homa zimedhibitiwa, bendeji inavaliwa. Tena wengi wao ni wagonjwa wa kansa, si wa filaria. Kwa mgonjwa wa filaria, ambaye mishipa imeharibiwa katika sehemu nyingi, ushahidi wa upasuaji wa mkono ni mwembamba zaidi.

Safari na kurudi kwake

Kutoka Kasongo mpaka Kindu, makao makuu ya jimbo, ni kama kilomita 240 za barabara ambayo mvua huigeuza matope. Kutoka Kabambare, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa la wengi. Kwa miaka mingi, familia yenye ugonjwa mzito ilitazama mashariki: Bukavu, ambako kuna hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, au Goma. Tangu M23 ilipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari mwaka huohuo, njia hiyo imekuwa ngumu zaidi. Wengine hufikiria kupita Fizi na kuvuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, lakini Fizi nayo ina vita vyake.

Safari ya kwenda ni nusu tu ya hesabu. Upasuaji wa mkono una siku ya kwanza, lakini hauna siku ya mwisho. Kivazi cha kubana huchakaa na kulegea baada ya miezi, na kingine kinahitajika. Bendeji inatakiwa kufungwa upya na mtu aliyefundishwa. Mkono unatakiwa kupimwa kwa futi ya fundi cherehani, palepale kila mara, ili kujua kama unapungua au unarudi. Mgonjwa aliyeuza shamba ili apasuliwe mjini, kisha akarudi kijijini bila kivazi cha pili na bila muuguzi anayejua kukifunga, yuko katika hatari ya kuuona mkono ukirudi kama zamani, na shamba limekwenda.

Kuna wanaosema kuwa kuwaambia maskini watumie sabuni, wakati tajiri anapanda ndege kwenda kupasuliwa, ni dharau. Hoja hiyo ina uzito. RDC ni nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, na mgonjwa wake ana haki ya kupata angalau kituo kimoja cha taifa kinachoweza kufanya kazi hiyo ya darubini. Lakini hoja hiyo inasahau kuwa hata yule wa Malmö anaanza na sabuni na bendeji, na anaendelea nazo baada ya kisu. Kituo cha taifa kikijengwa kesho bila matunzo vijijini, kitapasua mikono itakayovimba tena.

Sabuni, maji na bendeji

Kinachomtesa mgonjwa zaidi ya unene wa mkono ni homa za ghafla. Mkono unakuwa mwekundu na wa moto, unauma, mgonjwa anatetemeka na kulala siku kadhaa. Wengi hufikiri ni malaria, au kwamba minyoo imeamka. Katika miaka ya 1990, daktari Gerusa Dreyer wa Recife, Brazil, na wenzake walionyesha kuwa mara nyingi homa hizo zinaletwa na bakteria wanaoingia kupitia nyufa ndogo za ngozi: katikati ya vidole, kwenye kucha, kwenye mkwaruzo usiotazamwa. Kila homa huharibu mishipa ya limfu iliyobaki, na kila mara mkono unabaki mnene kidogo zaidi.

Kutokana na ujuzi huo, matunzo yake ni mepesi kuelewa. Mkono unaoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, katikati ya vidole pia, bila kusugua kwa nguvu. Unakaushwa kwa kitambaa safi kwa kuupapasa, si kuukwangua. Nyufa hupakwa dawa, na ngozi kavu hupakwa mafuta. Mkono unainuliwa wakati wa kupumzika, na vidole vinafanyishwa mazoezi ya kufunga na kufungua ngumi ili misuli isukume maji. Bendeji ya kubana hufungwa kuanzia vidoleni kwenda juu, kwa mkono wa mtu aliyefundishwa, na haifungwi wakati wa homa kali. Homa ikija, mgonjwa aende kituo cha afya kupata antibiotiki mapema, mkono upozwe kwa maji baridi, na asiukande.

Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2018 katika Lancet Global Health ulifuata karibu wagonjwa 700 wenye miguu iliyovimba kwa sababu ya udongo wa volkano. Waliofundishwa kuosha, kupaka mafuta, kufunga bendeji na kuvaa viatu walipata mashambulizi machache kwa karibu moja ya tano kuliko waliokuwa bado wanangojea. Ni miguu, si mikono, na chanzo chake si filaria. Lakini ngozi ni ileile na bakteria ni walewale.

Katika Maniema kuna mambo mawili yanayofanya kazi kinyume. Moja ni kuchanja. Mkono uliovimba mara nyingi huelezwa kuwa ni sumu au mtego, na mgonjwa huchanjwa kwa wembe ili ubaya utoke. Kila chale ni mlango mpya wa bakteria, hata kama aliyechanja alikuwa na nia njema. Waganga wa kienyeji wanasikilizwa kuliko redio. Bila kuzungumza nao kwa heshima, wembe hautawekwa chini. Jambo la pili ni kazi yenyewe. Katika machimbo ya dhahabu ya Salamabila na Namoya mikono inashinda katika matope na mawe makali. Shambani inakatwa na majani ya mpunga. Kwa mtu ambaye limfu yake imeziba, mkwaruzo mdogo ni jambo kubwa. Kuosha mkono jioni baada ya kazi na kufunika kila jeraha kunaweza kumwokolea wiki nzima ya homa.

Dalili zisizongoja

Kuna mkono usiotakiwa kufungwa bendeji na kusubiri. Mwanamke ambaye mkono mmoja umeanza kuvimba apimwe titi na kwapa la upande huo siku hiyohiyo. Uvimbe mgumu, ngozi ya titi iliyovutwa ndani au chuchu inayotoa damu ni dalili zinazohitaji hospitali, si dawa ya matende. Kansa iliyogunduliwa mapema huachia tezi nyingi zaidi kwapani, na hivyo hupunguza hatari ya mkono kuvimba baadaye.

Mkono uliovimba ndani ya saa chache, wenye maumivu na rangi ya bluu, unaweza kuwa na damu iliyoganda katika mshipa mkubwa. Huo ni dharura. Na mkono uliovimba kwa miaka mingi, kisha ukatoa madoa ya zambarau au vidonda visivyopona, unaweza kuwa umepata kansa ya nadra ya mishipa iliyoelezwa na madaktari Stewart na Treves mwaka 1948. Muuguzi anayejua mambo hayo matatu anaweza kuokoa maisha bila kifaa chochote cha gharama.

Kasongo ilishawahi kuifundisha dunia

Kujenga huduma kama hiyo si jambo geni kusini mwa Maniema. Katika miaka ya 1970 na 1980, mradi uliojulikana kama Projet Kasongo, ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulionyesha jinsi kituo cha afya kidogo, kilicho karibu na watu na chenye muuguzi aliyefundishwa vizuri, kinavyoweza kushirikiana na hospitali ya rufaa. Muuguzi anamjua mgonjwa, hospitali inampokea anapohitajika, kisha inamrudisha kwa muuguzi. Matokeo yake yalisomwa katika vyuo vya afya vya nchi nyingi, na mawazo hayo yaliingia katika mpango wa Zaire wa kugawa nchi katika zoni za afya katika miaka ya 1980.

Mkono uliovimba unahitaji mpango huohuo: ugonjwa wa muda mrefu unaotaka mtu wa karibu kila wiki, na hospitali mara chache. Togo, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuthibitishwa na OMS mwaka 2017 kuwa imeyamaliza matende kama tatizo la afya ya jamii, haikungojea madaktari wa darubini. Iliwafundisha wahudumu wa vituo vya afya kutunza viungo vilivyovimba. Malawi ilithibitishwa mwaka 2020.

Kwa zoni sita za Kasongo na Kabambare, hatua za kwanza haziombi majengo mapya. Wagawaji dawa na reko, ambao tayari wanaingia katika kila nyumba, wanaweza kuandika katika daftari lilelile kila mkono na kila mguu uliovimba. Muuguzi mkuu wa kila kituo anaweza kufundishwa kuosha, kufunga bendeji, kutibu homa na kupima titi. Bendeji za kubana zinaweza kuingizwa katika orodha ya dawa zinazoagizwa na zoni. Vikundi vya akiba vya akina mama vinaweza kuwa mahali pa wagonjwa kukutana na kutiana moyo, kama vilabu vya wagonjwa vilivyoanzishwa Recife. Na daktari wa hospitali kuu ya rufaa anabaki na kazi yake: kutafuta chanzo, kutoa kansa na kifua kikuu kwenye orodha, kupasua mabusha, na kuchagua wachache ambao kweli upasuaji wa mbali unaweza kuwafaa.

Fedha zitaulizwa. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa kati ya wafadhili wakubwa wa programu za magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa barani Afrika, na kabla yake Uingereza ilikuwa imepunguza mchango wake. Programu zinazotegemea mfadhili mmoja zinaona sasa jinsi mlango unavyofungwa ghafla. Kati ya huduma zote za ugonjwa huu, sabuni, bendeji na mafunzo ya muuguzi ndivyo vitu ambavyo jimbo na zoni zinaweza kuvibeba hata mfadhili akiondoka.

Kabla ya kuuza shamba, basi, familia yenye mgonjwa ina maswali manne ya kumuuliza muuguzi au daktari. Chanzo cha uvimbe huu ni nini? Je, titi na kwapa vimepimwa? Homa zimepungua tangu mkono uanze kuoshwa na kufungwa? Na nikipasuliwa, nani atanifunga bendeji hapa kijijini mwaka ujao? Kama swali la mwisho halina jibu, wakati wa kisu haujafika. Serikali ya jimbo nayo inaweza kujiuliza swali hilohilo, kwa ajili ya kila kituo cha afya kati ya Kasongo na Kabambare.